Je, Wajua? Wafalme, Wapelelezi na Tembo Waliopita Katavi

Je, wajua kwamba kituo cha kwanza cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji barani Afrika kilijengwa Karema, hapa hapa mkoani Katavi?

Ukitaja jina la Leopold, watu wanakumbuka mpira, mikono iliyokatwa na mto Kongo, na wana haki ya kukumbuka hivyo. Ila safari ya mfalme huyo ilianzia upande wetu wa ziwa. Septemba 1876 aliwaita Brussels wanajiografia na wapelelezi wa Ulaya, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, yeye akiwa rais wake. Hadharani walizungumzia sayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Watu wake wakashuka Zanzibar, wakaajiri wapagazi, wakafuata njia ya misafara kupitia Tabora, na Agosti 1879 Mbelgiji Ernest Cambier akasimama juu ya ufukwe wa Tanganyika, Karema. Hapo ndipo ngome ilipojengwa. Vituo vya mto Kongo, vile vilivyokuja kuzaa yale mateso ya mpira, vilifuata baadaye.

Mtoto wa Mpanda anayejifunza darasani habari za kugawanywa kwa Afrika anapaswa kulijua hili kabla hajakariri jina la Bismarck. Karema iko mkoani kwake. Anaweza kupanda gari asubuhi akaenda kupaona.

Je, wajua kuwa tembo wa India waliwahi kutembea kwa miguu kutoka pwani ya Dar es Salaam kuja Katavi?

Hiki ndicho kisa ambacho wasomaji hawakiamini, kwa hiyo nitakieleza taratibu. Tatizo kubwa la misafara ya karne ya 19 lilikuwa mizigo. Ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa sababu ya mbung'o, na kila kitu kikabebwa kichwani na begani na wapagazi. Leopold akapata wazo: huko India tembo wanafugwa na kubebeshwa mizigo, kwa nini wasiletwe Afrika? Wakifanikiwa, wangesaidia kufundisha tembo wa Afrika kufanya kazi hiyohiyo. Akalipa gharama zote kutoka mfukoni mwake.

Mwaka 1879 tembo wanne walisafirishwa kwa meli kutoka Bombay pamoja na walezi wao wa Kihindi, wakashushwa ghuba ya Msasani. Hapakuwa na gati la kuwashushia. Waliteremshwa majini, wakaogelea hadi nchi kavu. Kiongozi wa msafara alikuwa Mwairishi Frederick Carter. Waliondoka pwani mwezi Julai, wakapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora, wakishangiliwa na wanavijiji ambao hawakuwahi kumwona tembo akimtii binadamu. Lakini safari iliwachosha, mizigo ilikuwa mizito na malisho hayakuwa yale waliyoyazoea. Wakaanza kufa mmoja mmoja. Desemba 1879 msafara ulipofika Karema, tembo aliyebaki alikuwa mmoja, jike aliyeitwa Pulmalla.

Fikiria umbali huo. Leo treni na basi vinatuchosha kwa safari ileile.

Na Carter mwenyewe? Aliuawa Mpimbwe. Juni 1880 alikuwa anarudi pwani na mwenzake Cadenhead, wakawa wamepumzika kwenye boma la Mpimbwe wakati majeshi ya Mirambo yalipolishambulia. Wote wawili wakafa. Wasomaji wa Usevya, Kibaoni na Mamba, kisa hiki kilitokea kwenye nchi yenu.

Basi swali linalofuata huwa: Mirambo alikuwa nani hasa?

Alikuwa mtemi wa Kinyamwezi aliyejenga dola yake mwenyewe kutoka Urambo, akiwa na vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, wengi wao wakiwa na bunduki. Miaka ya 1870 alipigana na Waarabu wa Tabora hadi akaifunga njia ya Ujiji. Wapelelezi wa Ulaya waliokutana naye walimheshimu. Stanley, ambaye kwanza alipigana naye mwaka 1871, alikuja kuchanjiana naye undugu wa damu mwaka 1876. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, alikuwa ameanza kumtazama kama mshirika. Kifo cha Carter na Cadenhead kiliharibu mpango huo, Waingereza wakamtenga. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu bila yeye. Waandishi wa vitabu vya historia huitaja Mpimbwe kwa mstari mmoja wanapofika hapo. Mimi naona inastahili ukurasa mzima, kwa sababu pambano la siku moja kwenye boma la mtemi mdogo lilibadilisha hesabu za ofisi ya ubalozi Zanzibar.

Stanley na Livingstone walipita Katavi? Ndiyo, na pamoja.

Kila mtu anajua walikutana Ujiji mwaka 1871. Wachache wanajua njia waliyopita. Stanley alipokuwa anamtafuta Livingstone, vita vya Mirambo vilikuwa vimeziba njia ya moja kwa moja kutoka Tabora, kwa hiyo akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ya Wabende, ndipo akapanda kaskazini hadi Ujiji. Waliporudi, mwishoni mwa Desemba 1871, walisafiri kwa mitumbwi kuelekea kusini, wakaacha ziwa, wakakata mashariki kupitia misitu hiyohiyo hadi Tabora, Februari 1872. Njiani Stanley aliwinda twiga na pundamilia ili watu wapate kula, na nyuki wakamvamia Livingstone na punda wake. Anayejua asali ya Inyonga hatashangaa kwamba nyuki wa misitu hii walikuwa wakali hata wakati ule.

Miezi michache baadaye, Agosti 1872, Livingstone akaondoka tena Tabora kuelekea kusini, akapita Ukonongo na Ufipa. Hakurudi akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na waliobeba mwili wake hadi pwani ni Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi.

Wapelelezi hawa walikuwa wanatafuta nini? Chanzo cha mto Nile. Burton, aliyeliona ziwa Tanganyika Februari 1858 pamoja na Speke, alishikilia kwa muda mrefu kwamba Nile inaanzia humo. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipiga makasia hadi ncha ya kaskazini, wakakuta mto Rusizi unaingiza maji ziwani, hautoi. Hoja ya Burton ikaanguka.

Na je, maji ya Tanganyika hutoka ziwani kupitia wapi? Mto Lukuga, Kalemie, upande wa Kongo. Verney Lovett Cameron aliuona mlango huo mwaka 1874, ukiwa umezibwa na majani na tope.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu kinaihusu Karema moja kwa moja. Kwa miaka mingi mlango wa Lukuga ulikuwa umejiziba, na maji ya ziwa yakawa yanapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 yalizidi nguvu, yakazoa lile tope, na ziwa likaanza kushuka mwaka baada ya mwaka. Wabelgiji walikuwa ndiyo kwanza wamejenga. Walichagua mwinuko jirani na maji ili mashua zifike karibu, na katika muda mfupi ufukwe ukawakimbia. Pale walipopanga mashua zifunge pakawa nchi kavu, matope kwanza, kisha majani, kisha mashamba. Miaka ya karibuni tumeona kinyume chake. Mvua kubwa zimelipandisha ziwa, na nyumba, barabara na bandari za mwambao kuanzia Bujumbura hadi kwetu zimeingiliwa na maji. Mwambao wa Tanganyika hauna mstari wa kudumu, na wazee wa uvuvi wa Ikola wanalijua hilo bila kusoma kitabu.

Ziwa lenyewe lina kina gani? Karibu mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi. Ni la pili duniani, baada ya Baikal la Urusi. Urefu wake ni kilomita 670 hivi.

Kwa nini basi Katavi haikuwa sehemu ya Kongo ya Wabelgiji? Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885. Leopold alipata magharibi ya ziwa, Wajerumani wakachukua mashariki. Karema ikabaki upande usio wake, naye akaikabidhi mwaka 1885 kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Ngome ya mfalme ikawa misheni.

Kabla ya kuondoka, Wabelgiji waliacha jeraha ng'ambo ya ziwa. Kamanda wa mwisho wa Karema, Émile Storms, alikuwa amefungua kituo cha pili Mpala mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimshambulia mtawala wa Watabwa, Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Storms akalichukua fuvu hilo hadi Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mbao ya ukoo wa Lusinga. Fuvu likawekwa kwenye taasisi ya sayansi ya Brussels, sanamu ikaenda makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2020 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani moja ya Brussels, baada ya miaka ya madai kutoka kwa Wakongo na Wabelgiji waliokijua kisa hiki. Fuvu la mtu si kielelezo cha maabara. Ni marehemu anayestahili kaburi kwao, na ninasema hivi bila kupepesa macho.

Je, wajua kuwa daktari aliyeitibu Karema kwa zaidi ya miaka 60 alizaliwa karibu na Timbuktu?

Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 kandokando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, nchi ya ile dola kuu ya Mansa Musa aliyehiji Makka mwaka 1324 akiwa na dhahabu nyingi kiasi kwamba bei yake ilishuka Misri. Atiman alikuwa mtoto mdogo alipotekwa na kuuzwa. Alivushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko White Fathers wakamkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta, ambako Kadinali Lavigerie alikuwa ameanzisha chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika udaktari ili wawe makatekista na matabibu kwa pamoja.

Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akiwa kijana. Akaoa huku huku, binti wa Kibende aitwaye Agnes Wansahira. Mtoto wao Joseph akawa padre. Atiman alitibu vidonda, akazalisha, akapasua, akashughulika na ndui na malale, akiwa na vifaa vichache na dawa zilizofika kwa kuchelewa. Alijifunza pia mitishamba ya waganga wa hapa. Aliziona tawala tatu zikipita juu ya kichwa chake: watemi, Wajerumani, Waingereza. Alifariki mwaka 1956, akazikwa Karema.

Nikiulizwa nani mtu mkuu wa historia ya mwambao huu, simtaji Cambier wala Storms. Namtaja mtoto wa Niger aliyeuzwa, akavuka jangwa, bahari na nusu ya bara, akaja kuwa mwenyeji wetu. Wanafunzi wanaosomea uganga katika mkoa huu wangepaswa kulijua jina lake kabla ya jina la Hippocrates.

Fedha ya zamani huku kwetu ilikuwa nini? Majembe ya chuma, chumvi, shanga na nguo. Chumvi ilitoka Uvinza, jirani zetu wa kaskazini, ambako watu wameichemsha kutoka kwenye chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Nguo iliyopendwa ni merikani, pamba nyeupe isiyopakwa rangi, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar kwa meli za mji wa Salem. Mpagazi aliyepita Ukonongo mwaka 1850 huenda alikuwa amevaa kitambaa cha kiwanda cha Marekani.

Ziwa Rukwa liliwahi kuitwa Leopold? Naam. Mskoti Joseph Thomson aliliona mwaka 1880, akalipa jina la mfalme yuleyule. Jina halikushika. Wenyeji walikuwa na lao.

Na Katavi je? Jina la mkoa limetoka kwenye hifadhi, na hifadhi imelipata kutoka kwa Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inasemekana inakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa Katavi. Watu bado huacha sadaka chini ya mti huo. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1974, leo ina kilomita za mraba 4,471, na kiangazi mto Katuma unapobaki vidimbwi, viboko hubanana humo kwa mamia, migongo ikigusana, matope yakiwafika machoni, huku madume yakipigania kila hatua ya maji. Mamba nao hujichimbia mapango kwenye kingo. Kuna mahali pachache Afrika pa kuona hivyo.

Misitu hii ilikuwa tupu tangu zamani? Hapana. Stanley alikuta vijiji, maboma na mashamba. Vita vya karne ya 19 viliwatawanya watu, kisha miaka ya 1920 Waingereza wakawahamisha wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa ili kuwakinga na malale. Watu walipoondoka, vichaka vikarudi na mbung'o wakaongezeka. Mgeni anayepiga picha pori la leo akidhani halijawahi kukaliwa anapita juu ya mahame ya watu.

Reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya risasi. Hapa nasema madini ya risasi, yaliyochimbwa Mkwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Baada ya Vita Kuu ya Pili dunia ilihitaji metali, na serikali ya Kiingereza ikajenga tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, likafika Mpanda mwaka 1950. Mji ukakua juu ya mgodi huo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na ndiyo ikaubakiza mji. Mahindi, mpunga, tumbaku, asali na abiria wakachukua nafasi ya madini. Aliyeanza kazi Mkwamba akiwa na miaka 20 mwaka ule wa mwisho sasa ana zaidi ya 80. Wenye babu wa namna hiyo mitaa ya Makanyagio na Kashaulili, kaeni nao na daftari mwaka huu huu.

Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza? Kisheria, hapana. Kuanzia 1922 ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 chini ya Umoja wa Mataifa. Tofauti hiyo ndiyo iliyompa Mwalimu Nyerere jukwaa la kuzungumza New York mwaka 1955.

  

Meli ya vita iliyokuwa inasimama Karema ni ipi? MV Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, baada ya kupaka mashine zake grisi. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Kwa miongo mingi ilipofika Karema na Ikola ilitia nanga mbali, honi ikalia, mitumbwi ikaikimbilia gizani, na akina mama wakapandishwa na magunia ya dagaa kupitia mlango wa ubavuni. Sasa Karema ina gati jipya kwa ajili ya mizigo ya Kongo.

La mwisho kwa leo. Je, wajua kwamba mojawapo ya matukio makubwa ya kutoa uraia kwa wakimbizi katika historia ya dunia lilitokea kwa sehemu kubwa mkoani mwetu? Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta Wahutu kwa makumi ya maelfu. Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu kule Tabora, Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978. Walikata msitu, wakalima, na katika miaka michache wakawa wanailisha Mpanda na miji ya mbali. Serikali ilikubali kuwapa uraia watu 162,000 hivi, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Wengi wa waliovipokea walikuwa wamezaliwa Katumba na Mishamo, na Burundi walikuwa wanaisikia tu kwa wazazi wao.